Nilivyouhamisha mkazo wangu hadi mwisho

Nilipoanza kujifunza Kifaransa hapa Dar es Salaam, chocolat nilitamka "shoKOla" na Paris "PAri". Sarufi niliielewa, lakini jirani yangu, mama mmoja wa Bukavu, kule Kongo, kila mara aliniomba nirudie. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, maneno yako ni sawa. Uzito ndio unauweka katikati. Upeleke mwisho."

Alikuwa amegusa penyewe. Sisi wasemaji wa Kiswahili mkazo, yaani huo uzito wa sauti, tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho bila hata kuwaza. Kifaransa kinauweka kwenye silabi ya mwisho inayotamkwa, na hilo "inayotamkwa" ndilo lililonifumbua macho. Madame huandikwa ma-da-me, lakini ile e haisikiki, basi mkazo unaangukia da. Kumbe hapo mazoea yangu ya Kiswahili yalikuwa yananibeba! Banane na petite ni vivyo hivyo. Taabu ilikuwa kwa maneno yasiyo na e hiyo.

Kukata silabi kulinisumbua zaidi. A-ni-mal ni rahisi, konsonanti moja kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata. Lakini chanter nilikuwa naikata cha-nter, kwa sababu kwetu panda ni pa-nda. Kwao ni chan-ter: ile n imekwisha kuyeyuka ndani ya irabu, sauti inapita puani, ulimi haugusi popote. Nilikaa wiki nzima na montagne peke yake. Mon-ta-gne, si mo-nta-gne. Hiyo gn haikatwi, ni kama ny yetu.

Dawa yangu ikawa kidole. Nilisikiliza habari za Kifaransa chepesi za RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, huku nikigonga meza kila sauti inaporefuka, nikaona kidole hakigongi kila neno. Une table (meza), kinagonga ta. Une table ronde (meza ya duara), ta inapoa, kinagonga ron. Mkazo ni wa kikundi kizima cha maneno! Nilishangaa, kisha nikakumbuka kwamba hata kwetu unatembea: PIga, piGAna, pigaNIsha.

Jioni moja mke wangu akiwa kando yangu, nilimwambia yule mama, "Je vais au marché avec elle," yaani naenda sokoni pamoja naye, nikiunganisha avec elle kuwa a-ve-kel kwa pumzi moja. Hakuniomba nirudie. Alinijibu papo hapo kwa Kifaransa, nimletee des oignons, yaani vitunguu, de-zo-nyon, akanitia pesa mkononi.