Kumtafuta samaki mbishi katika bahari ya Mombasa

Nimekulia Kisumu, na kwetu ziwani samaki mkubwa ni mbuta. Anaweza kufikia kilo 200, na mtu akitoa wa kilo 40 kwa ndoana, habari yake husimuliwa wiki nzima. Lakini wavuvi wa mshipi wa kwetu wanamjua vizuri. Hukurupuka mara mbili tatu, hutikisa kichwa juu ya maji, kisha moyo humwisha. Ukimvuta kutoka kwenye kina, hewa iliyo tumboni mwake hufura, naye huelea ubavu. Kwa hiyo niliposikia watu wa pwani wakisema kwamba kolekole wa kilo 10 humtoa mtu jasho kuliko mbuta wa kilo 40, nilitaka niyashike maneno hayo kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilisafiri Februari, kaskazi ingali ikivuma. Basi la usiku hadi Nairobi, halafu treni ya SGR ambayo imekuwa ikiteremka Mombasa tangu 2017. Tsavo yote niliipita usingizini. Miritini nikashuka, nikapanda matatu hadi mjini, na kabla ya magharibi nilikuwa nimeketi kwenye baraza moja ya Mji wa Kale, si mbali na Bandari ya Kale, muuza kahawa akizunguka na dele lake na vikombe vikigongana mkononi.

Nikauliza swali langu: samaki gani mbishi zaidi akishikwa na ndoana? Baraza ikachemka. Mmoja akasema nduaro, yule mkubwa wa mdomo mrefu kama mkuki, na hakutaka kusikia jina jingine. Mwingine akasema papa. Mtu wa makamo aliyekuwa amenyamaza muda wote, nahodha wa mashua ndogo, vidole vyake vimechorwa mistari na mshipi, akasema, "Mwasema nduaro kwa kuwa ni mkubwa. Ukubwa si ubishi. Mkononi mwangu mimi, ni jodari."

Nikawatajia niliyokuwa nimeyasoma. Nduaro mkubwa kuliko wote katika rekodi za uvuvi wa rodi ni nduaro mweusi wa kilo 707, aliyevuliwa na Mmarekani Alfred Glassell huko Cabo Blanco, Peru, Agosti 1953. Jodari mkubwa kuliko wote, wa kilo 679, alitolewa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1979, na mvuvi wake, Ken Fraser, alimmaliza kwa dakika 45.

Nahodha akaweka kikombe chini. "Kilo mia sita kwa dakika arubaini na tano? Basi chombo chao kilikuwa na mashini."

Hapo aligusa kiini cha jambo. Kwenye boti za mchezo mvuvi huketi kwenye kiti kilichofungwa sakafuni, mkanda umemshika kiunoni, rili ina breki, na nahodha humfuata samaki kinyumenyume kwa injini. Samaki anashindana na mtu, rili, kiti na mashini kwa pamoja. Anayevua kwa mshipi wa mkono kutoka kwenye ngalawa hana hata kimoja katika hivyo. Nguvu ya samaki humfikia moja kwa moja kwenye ngozi. Nikaona kwamba kama kuna mtu wa kulijibu swali langu, ni huyu. Nikamwomba anichukue. "Ndoo alfajiri," akaniambia, "lakini uje na kofia, na usile sana."

Tulivuka daraja la Nyali giza halijatoka, barabara ya Malindi iko wazi, tukafika Mtwapa watu wanatoka msikitini. Mashua yake ilikuwa imefungwa ndani ya mkono wa bahari, mikoko pande zote mbili. Ndani yake mlikuwa na injini ndogo ya nyuma, mishipi iliyoviringwa kwenye vibao, rodi moja kuukuu, ndoo ya vibua wa chambo, na kijana wake mmoja. Tukipita kando ya mikoko akaninyooshea kidole maji ya ukingoni. Kolekole wadogo, akasema, hukulia humu ndani, kwenye maji yaliyochanganyika, na wakishapata umbo hutoka kwenda mwambani. Kwa hiyo samaki niliyemfuata kutoka Kisumu alikuwa mwenyeji wa pale kabla ya kuwa wa bahari kuu. Nilipenda sana kulijua hilo. Mtu akikata mikoko anakata pia malezi ya samaki huyu.

Nje ya mwamba bahari hushuka ghafla. Ukingo wa bara hapa ni mwembamba, na huhitaji kwenda mbali kuona maji yakiacha ukijani na kuwa buluu iliyoiva. Tukaanza kukokota mishipi. Wa kwanza kushika alikuwa sehewa, si mkubwa, na nilipopewa mshipi nilidhani kuna kosa. Mtetemo ule haukuwa na pumzi katikati. Mbuta huvuta, hutulia, huvuta tena. Sehewa hapigi kituo.

Nahodha akanieleza akiwa amekaa kwenye usukani, na mengi nilikuwa nimeyasoma lakini hayakuwa yameniingia. Sehewa na jodari ni ukoo mmoja. Hawawezi kusimama mahali pamoja wakasukuma maji kupitia matamvua yao; wasipoogelea hawapati pumzi, hufa. Sehewa hana hata kibofu cha hewa cha kumwelesha. Na mishipa yao ya damu imesukwa kwa namna inayozuia joto la misuli lisipotelee majini, hivyo mwili wa jodari huwa na joto kuliko bahari iliyomzunguka. "Yule wa mapezi ya manjano," akasema, "akishashuka chini huanza kuzunguka. Wamvuta pima tatu, yeye yuwachukua nne. Hana hasira, hana haraka. Waweza kusali adhuhuri na alasiri yuko papo hapo."

Sulisuli alikuja jua likiwa limesimama. Tuliona kwanza pezi lake la mgongo limefunguka juu ya maji, rangi ya zambarau nzito, kisha rodi ikainama. Mbio zake za kwanza zilikuwa za kutisha. Rili ililia hadi nahodha akazima injini. Akaruka. Akaruka tena, mwili mzima nje, mdomo ule mrefu ukikata hewa. Ni samaki mzuri kuliko wote niliopata kuwaona, na sishangai matajiri huvuka dunia kumfuata hapa miezi ya kaskazi. Kwa miaka mingi imeandikwa kwamba hukimbia kilomita 110 kwa saa, lakini vipimo vya wanasayansi vya karibuni vimeshusha hesabu hiyo hadi karibu kilomita 36. Mbio zilizowahi kupimwa kwa mshipi wenyewe ukitoka kwenye rili, mwaka 1964, zilikuwa za wahoo, samaki wa jamii ya nguru, kilomita 77 kwa saa, na jodari wa mapezi ya manjano, karibu 75, tena kwa sekunde chache tu.

Na kila alivyoruka ndivyo alivyozidi kulegea. Wapwani husema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, na sulisuli naye ni hivyo hivyo: nguvu zake huzimwaga hewani, mbali na mwamba, mahali ambapo mshipi hauna cha kukatia. Alipoletwa ubavuni mwa mashua rangi yake ilikuwa imebadilika na kuwa ya shaba. Boti za mchezo nyingi humwachia akiwa na alama ya African Billfish Foundation ya Watamu, ili akivuliwa tena ijulikane ametoka wapi. Nahodha naye alikata mshipi karibu na mdomo, akamsogeza taratibu kando ya mashua hadi mkia ukaanza kupiga. Akasema huyu ana thamani kuliko bei yake.

Tukarudi mwambani maji yakianza kutoka. Hapa ndipo safari yangu ilipokuwa ikielekea tangu mwanzo. Bahari ikipwa, maji ya ndani humiminika kupitia mlango wa mwamba yakibeba samaki wadogo, na kolekole hukaa kwenye ukingo wa mkondo wakingojea. Ni wakali wa kuwinda. Katika visiwa vya Farquhar, Shelisheli, wamepigwa picha wakiwarukia ndege wa baharini wanaopita juu ya maji. Mkubwa kabisa katika rekodi, wa kilo 72.8, alivuliwa Japani mwaka 2006.

Nahodha akanifunga vidole kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. "Sikiza, mwanangu. Sulisuli wampa mshipi. Jodari wampa mshipi. Huyu usimpe hata pima moja. Pima moja ashafika jiweni kwake."

Wa kwanza alimshika kijana. Sikuwahi kuona hata rangi yake. Mshipi uliingia majini kwa pembe, kijana akapiga goti ukingoni, na kabla hajasema neno ulikuwa umelegea. Alipouvuta ulikuwa umeparuzwa pima nzima, na ncha imekatika.

Wa pili alinishika mimi. Kibua wangu alianza kuhangaika, akatulia, kisha mkono wangu ukaenda chini hadi kwapa likagusa ubao wa mashua. Nguvu ile haikuja kwa kishindo kimoja. Ilikuja na kubaki. Kolekole ana ubavu mpana, na akishaona anavutwa huulaza kinyume na mkondo, hata ukawa kama unayeng'oa ubao wa mlango chini ya maji, ubao wenyewe una mkia na unajua unakokwenda. Nahodha alinishika mabega kwa nyuma akasema, "Sasa. Sasa. Usimsikize." Mpira ulipata moto vidoleni. Kila niliposhinda pima moja alipiga kichwa, kile kichwa kizito kilichojaa nguvu, akageuka tena kuelekea mwambani, si baharini. Huyu samaki hakimbii tu. Anakwenda mahali anapojua mshipi utakatika.

Alipotoka, rangi ya fedha iliyochafuka kijivu, alikuwa bado anapiga. Kijana alimtia upembo, akanionya nisimshike mkiani: huko ana safu ya magamba magumu makali yanayochana mkono. Mizani ya bandarini ilisema kilo 11. Niliitazama mara mbili, kwa sababu mabega yangu yalikuwa yakidai uzito mwingine.

Basi, jibu langu ni kolekole. Kilo kwa kilo, kwa mshipi wa mkono, karibu na mwamba, sidhani kuna anayemfikia. Wengine wana mbio au uzito au stahamala; yeye ana nguvu, na juu yake ana silaha ya mahali. Dakika mbili za kwanza huamua kila kitu.

Nahodha hakukubali, na hoja yake ni ya haki. Jodari wa mapezi ya manjano hufika kwa wingi kwenye maji haya kuanzia Agosti hadi Oktoba, na mimi nimekuja Februari. "Umemwonja sehewa ukadhani umemwona jodari," akaniambia tukipara samaki. Tumekubaliana nirudi kusi ikishakwisha, upepo wa matlai ukiingia. Mshipi uwe ule ule, mkono ule ule, na injini izimwe tangu samaki anaposhika hadi anapotoka.