Ijumaa yangu, kutoka ufuoni hadi mishumaa

Saa kumi alfajiri nakanda unga. Ijumaa nina kazi mbili: karai la samaki mjini Malindi, na mikate miwili ya Sabato ya Kiyahudi, ambayo kikundi chetu huishika kuanzia leo jua likizama. Ni miwili kwa sababu kule jangwani mana ilishuka maradufu siku ya sita. Naufunika unga uumuke, naomba dua fupi, natoka.

Saa kumi na mbili na nusu niko ufuoni. Ni Juni, kusi linavuma, samaki wachache na bei iko juu. Mimi ni mama karanga, yaani muuza samaki wa kukaanga, mwaka wa kumi na moja sasa. Zamani nilinunua chochote: pweza, ngisi, taa, papa. Siku hizi nachagua changu na pono, maana Torati inaruhusu samaki mwenye mapezi na magamba, na gamba lenyewe sharti libanduke bila kuchana ngozi. Napitisha ukucha ubavuni mwa changu kuanzia mkiani. Gamba linatoka, linang'aa, na ngozi chini yake ni nzima. Papa ukimgusa anakwaruza kama msasa, na huna cha kubandua.

Hili lilimuuma mavyaa wangu. "Mwanangu, papa niliyemlishia mumeo leo amekuwa haramu?" Papa mkavu wa nazi kwetu ni chakula cha heshima, nami nilimpenda. Nikamwambia, "Mama, sijakikataa chakula chako. Nimejifunga mwenyewe." Alinyamaza muda mrefu. Sasa nikienda kwake ananipikia mchicha wa nazi.

Saa tatu hadi saa sita ni moto, mafuta na foleni. Wateja wa Ijumaa wanataka kununua kabla ya swala.

Saa sita na nusu mwenzangu wa meza ya pili anafunika samaki wake na kutandika mswala nyuma ya banda. Kutoka Malindi, Makka iko kaskazini. Yerusalemu nayo iko kaskazini, kushoto kidogo tu. Siku moja aliniuliza sisi huelekea wapi, nikamwonyesha kwa mkono. "Kumbe tunasimama safu moja, dadangu," akasema. Tangu siku hiyo, akiswali mimi ndiye ninayemlindia meza.

Saa nane nafunga, napanda bodaboda kwenda nyumbani upande wa Ganda. Hoteli moja ilitaka niipelekee samaki kila Jumamosi. Ilikuwa pesa nzuri, na ada za watoto zilikuwa zikinisubiri. Nilikataa kwa kuwa ni Sabato, na usiku huo nililia.

Saa tisa nausuka unga nyuzi tatu, kama nywele za binti yangu, nauoka makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko. Maji yachotwe, chakula kiive sasa, kwa sababu moto hatuwashi tena mpaka nyota za kesho usiku. Zabibu kavu nimezichemsha tangu jana. Maji yake ndiyo divai yetu.

Saa kumi na moja tunakusanyika, nyumba saba, chini ya makuti. Tunasoma Biblia ya Kiswahili. Gombo la Torati huandikwa kwa mkono, herufi 304,805, na hatuna uwezo wa kulinunua. Leo kijana mmoja amesema tena kwamba sisi ni kabila la Israeli lililopotea. Maneno haya siyapendi, na nimemwambia. Sisi si Mayahudi bado. Anayetaka kuwa Myahudi husimama mbele ya baraza la watu watatu, huingia kwenye maji ya mikve, birika la utakaso, na mwanamume hutahiriwa. Mzee wetu akamsimulia habari za Abayudaya, jamii ya Mbale, Uganda, iliyoshika dini ya Kiyahudi. Semei Kakungulu, mwanzilishi wao, alitahiriwa mwaka 1919. Idi Amin akaja akapiga marufuku ibada yao, nao wakaendelea kusali kwa siri. Mwaka 2002 ndipo mamia yao walipopokewa mbele ya marabi. Kijana akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Jua linazama saa kumi na mbili na robo hivi, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Nawasha miwili. Nauvuta mwanga kwa mikono mara tatu, nafunika macho. Viganja nimevisugua kwa ndimu na jivu, lakini harufu ya changu iko palepale. Naisema baraka polepole, kwa Kiebrania nilichojifunza neno kwa neno, mpaka nasikia watoto nyuma yangu wakiitikia amina.