Kulala Hoteli ya Ufukweni Ukiwa Mkazi wa Mwanza

Mkazi wa Mwanza akisema kwamba amelipia chumba katika hoteli ya kifahari iliyo kando ya ziwa, jirani zake humuuliza kwanza nyumbani kwake kumeharibika nini. Hawakosei kuuliza, kwa sababu Ziwa Victoria katika mji huu halifichiki: ukitoka Bugando unateremka ukilitazama, ukipita barabara ya Makongoro kwenda uwanja wa ndege linakutokea kati ya nyumba, na Jiwe la Bismarck kila mpita njia analipiga picha bila kulipa hata shilingi. Hata hivyo nilikwenda, nikamchukua na mama yangu, ambaye alizaliwa Ukerewe katika nyumba ya wavuvi na hakuwahi kulala hotelini karibu na maji aliyoyajua tangu utotoni. Naandika haya kwa wanaofikiria kufanya kama sisi, kwa kuwa matangazo ya hoteli hizi yanauza bwawa la kuogelea, vigae vinavyong'aa na kitanda cha kulala watu wanne, ilhali kinachoamua kama utafurahia au utajuta ni namna hoteli ilivyokaa na ziwa lenyewe, yaani upepo wake, maji yake, samaki wake na usiku wake.

Kuhusu mahali, chaguo si kubwa kama watu wanavyodhani. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, na watu hao wote wamebanwa kati ya vilima vya mawe na maji, hivyo ardhi tulivu ya kando ya ziwa imebaki vipande vipande. Ukikaa Capri Point uko karibu na mjini na unasikia honi za vivuko. Ukienda upande wa kaskazini, kuelekea uwanja wa ndege, unapata nafasi na miti, lakini ndege zinapita chini kiasi kwamba mazungumzo yanasimama. Sisi tulikuwa upande huo wa kaskazini. Kutoka Makoroboi, ambako mtu hupita ubavu kati ya mikokoteni na marundo ya mitumba, mpaka kwenye geti la hoteli, si mwendo mrefu, na mshangao wa kwanza ni jinsi kelele zilivyokatika ghafla baada ya geti kufungwa nyuma yetu. Mlinzi alimwamkia mama shikamoo kabla hajauliza jina la aliyeweka nafasi, na mimi nikaihesabu hiyo kuwa huduma bora kuliko juisi ya ukaribisho tuliyopewa mapokezi, ambayo ilikuwa na maji mengi kuliko pasheni.

Jambo ambalo hakuna tangazo linalolieleza ni upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo hewa ya ziwani inavuma kuja pwani, na kuanzia saa sita au saa saba kibaraza kinachotazama ziwa kinakuwa mahali pazuri kuliko chumba chochote chenye kiyoyozi. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa mapema, ziwa linabaki na joto lake, na upepo unatoka nyuma yako kwenda majini. Maana yake ni kwamba chumba kile kile kilichokupa hewa safi mchana, usiku kinapokea kila kinachotoka nyuma ya jengo, ikiwa ni pamoja na moshi wa jikoni, harufu ya dizeli ya jenereta umeme unapokatika, na muziki wa ukumbini. Mama aliligundua hilo kabla yangu. Tulipoonyeshwa chumba cha kwanza, cha chini, kilichokuwa karibu kabisa na maji, alisimama mlangoni, akageuza uso kutazama jengo la jiko lilivyokaa, kisha akasema, "Mwanangu, hapa usiku tutalala na vitunguu." Tukaomba chumba cha ghorofa ya juu, mwisho wa jengo, nao wakatubadilishia bila manung'uniko. Wanaotoka Dar es Salaam waje na sweta jepesi: ziwa hili liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya hapa si ya Kigamboni.

Maji yenyewe hatukuyaingia, na sikuona mgeni aliyeyaingia. Kichocho ni ugonjwa wa kweli katika ukanda huu. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama humo, na hata aliyekaa kwa muda mfupi anaweza kuambukizwa. Kwa hiyo hoteli inayosifia "ufukwe wa kuogelea" bila kumwambia mgeni habari za kichocho inamficha jambo, na ningependa kuona kibao kimoja tu, kilichoandikwa kwa Kiswahili fasaha, kikisema ukweli huo karibu na ngazi za kushukia majini. Kwetu hakikuwepo. Mhudumu niliyemuuliza alinijibu kwamba ziwa ni safi, akaelekeza mkono kwenye bwawa, na mkono ndio ulionipa jibu sahihi.

Ufukwe nao una habari yake. Mama aliinama, akateka mchanga kidogo, akauchuja kati ya vidole, akasema kuwa huo si wa hapo, umeletwa na lori, kwa sababu haukuwa na hata kipande kimoja cha makombe ya konokono ambayo mchanga wa ziwani hauyakosi. Sikumbishia, hasa nilipoona mawe yaliyopangwa mbele yake kuzuia mawimbi. Ziwa hili halina kupwa na kujaa kama bahari, jambo ambalo wageni wa pwani huchelewa kuliamini, lakini lina kupanda na kushuka kwake kunakofuata mvua za miaka, kwa kuwa sehemu kubwa sana ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mto unaotoka ni mmoja, Nile, pale Jinja. Mwaka 2020 maji yalipanda kuvuka kiwango cha miaka ya 1960 kilichokuwa kikitajwa kuwa cha juu kabisa, na mwaka 2024 yakapanda tena. Fukwe nyingi zilimezwa, pamoja na viti na vibanda vya makuti vilivyokuwa juu yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na nilipokuwa nimeketi kwenye baa ambayo mtu angeweza kutupa kokwa la embe likaangukia majini, nilijiuliza mita hizo zilipimwa kuanzia wapi. Sipendi sheria inayomsukuma mwenye kibanda cha dagaa na kumwacha mwenye baa. Lakini nakiri kwamba soda ilikuwa baridi na sikuhama.

Usiku ndio uliostahili fedha zetu. Tulikwenda wakati wa giza la mwezi, na hilo halikutokea kwa bahati: mama ndiye aliyepanga tarehe. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa mwanga, na mwanga wa taa haufanyi kazi vizuri mbalamwezi inapowaka, kwa hiyo siku kadhaa za mwezi mpevu wengi wao hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mgeni anayefika siku hizo ataona mwezi mzuri juu ya maji na hataona kingine. Sisi tulipomaliza chakula cha jioni tulikuta taa zimeshatandazwa kutoka upande mmoja wa upeo hadi mwingine, nyingine zimejipanga mistari, nyingine zikisogea polepole. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na mama anakumbuka sauti yake ya kuvuma. Sasa nyingi ni taa za betri na za sola, zina mwanga mweupe zaidi na hazizimwi na upepo kwa urahisi. Alinieleza jinsi taa zinavyoachwa zikielea ili dagaa wakusanyike, kisha mtumbwi unazizunguka na wavu, na kwa nini mtumbwi mmoja ulikuwa umezima mwanga wake wote: ulikuwa umeshapata, ulikuwa unavuta. Mimi nisingeiona tofauti hiyo hata ningekaa pale mwaka mzima.

Giza hilo hilo lina gharama yake, kwa kuwa vijidudu vya ziwani navyo hupenda kuibuka siku za mwezi mwandamo. Haviumi, lakini hupanda kutoka majini kama moshi na kuvamia kila taa, na asubuhi vinafagiliwa kwenye vibaraza kwa ndoo. Hoteli yetu ilizima taa kubwa za nje mapema na kuacha ndogo za manjano. Anayesimamia pale analijua ziwa, kwa hilo tu.

Chakula nitakipitia haraka. Kifungua kinywa kilikuwa kile kile cha hoteli zote nchini, soseji, mayai, mkate wa kuchoma na matikiti, wala hapakuwa na michembe wala matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, vitu ambavyo mgeni kutoka mbali angevikumbuka kuliko soseji. Menyu ya jioni ilikuwa na minofu ya sangara, samaki aliyeletwa ziwani humu miaka ya 1950 na ambaye leo viwanda vya Mwanza vinamsafirisha nje, na sato mzima wa kukaanga. Nilimuuliza mhudumu sato huyo ametoka wapi, naye akasema bila kusita kwamba ni wa kizimba, yaani wa kufugwa. Mama akamfungua sato tumboni kwa uma, akanionyesha mafuta yaliyoganda meupe kando ya mbavu, akasema samaki anayejitafutia hanenepi hivyo. Alimla wote, pamoja na kichwa, kwa ugali wa udaga, yaani wa muhogo, ambao haukuwa kwenye menyu lakini jikoni walikuwa nao kwa ajili ya wafanyakazi. Muulizeni mpishi; vyakula vizuri katika hoteli hizi mara nyingi ni vile visivyoandikwa.

Jumamosi ilikuja harusi. Hoteli za ufukweni Mwanza zinaishi kwa semina katikati ya juma na sherehe mwisho wa juma, kwa hiyo mgeni wa kulala tu ni wa tatu kwa umuhimu, na hili nisingelilaumu kama ningeambiwa nilipokuwa naweka nafasi. Spika ziliwekwa zikielekea ziwani, na kwa upepo wa usiku niliokwisha kuueleza, sauti yote ilipita juu ya vyumba kwenda kwa wavuvi. Mshereheshaji alitangaza zawadi za upande wa bwana harusi hadi saa saba usiku. Ukipiga simu, usiulize tu kama chumba kipo. Uliza ukumbi una nani siku hiyo.

Bei uliza kwa shilingi, kwani kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na uulize pia kama kuna kiwango cha wakazi wa Tanzania, maana hakitajwi mpaka kitajwe na mteja. Anayetaka bwawa, sato na upepo wa mchana hana haja ya kulipia chumba: hoteli nyingi za huku zinapokea watu wa kushinda, na kwa bei ya kiingilio na chakula utakuwa umepata karibu kila kilichoandikwa kwenye tangazo. Chumba akilipie anayetaka kukaa kibarazani saa tano usiku, siku za giza la mwezi, katikati ya juma, akiwa na mtu anayeweza kumwambia mtumbwi upi umeshapata.