Belo ilinianguka mguu, daktari akaniambia kunauma kwa mgongo

Tulikuwa tunashusha mitumba kwa gari pale Kibuye, Jumapili asubuhi soko halijajaa, belo ya kilo 45 ikateleza ikanishukia mguu wa kushoto. Eksirei ilionyesha mfupa uko sawa lakini kifundo kilifura mpaka kiatu hakiingii. Sasa huo uvimbe haukunishtua sana, kilichonishtua ni usiku wa pili. Shuka ilinigusa juu ya kifundo, karibu nusu ya muundi, mahali belo haikufika kabisa, nikaruka kama mtu amechomwa na pasi. Ukiangalia ngozi haina alama, haijafura, haina joto, na uchungu ni ule wa kutoa machozi. Nikamwambia mume wangu hawa watu wa eksirei kuna kitu hawakuona.

Nikafanya vile wengi wetu tunafanya, nikatuma kijana kwa kemisti akarudi na tembe kwa karatasi ya kaki haina jina, nikameza, na juu kulikuwa na Brufen kwa nyumba nikaongeza. Tena nilikuwa nangoja uchungu upande kabisa ndio nimeze, ukishuka naacha. Siku ya tatu tumbo likawa linawaka kama nimekula pilipili bila chakula.

Nikarudi kwa daktari na ile karatasi. Akageuza tembe akaangalia maandishi, akasema, "Mama, hii ni diclofenac. Na Brufen ni ndugu yake. Umekuwa ukimeza dawa za familia moja mara mbili, ndio maana tumbo linalia." Hizo dawa zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali za mwili zinazoleta uvimbe na uchungu, na kuna prostaglandini zingine ndizo zinalinda utando wa tumbo, kwa hivyo ukizidisha unaivua tumbo nguo. Kisha akanibonyeza muundi polepole na kidole, nikapiga nduru. Akasema, "Hapa hapajaumia. Uchungu wa hapa unatengenezwa kwa mgongo." Nikafikiri hajaniskia, mgongo wangu hauumi hata kidogo.

Akanielezea na biro nyuma ya kadi. Mguu ukiumia neva zinapeleka habari mpaka kwa ule ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo, na hapo ndipo zinakabidhi neva zingine zipeleke kwa ubongo. Hapo pa kukabidhiana kuna breki, kemikali inaitwa glisini, kazi yake ni kunyamazisha habari ndogo ndogo kama shuka kugusa ngozi. Sasa uvimbe ukikaa, ugwe wenyewe nao unaanza kutengeneza prostaglandini, kupitia kimeng'enya (protini ya kuharakisha kazi ya mwili) kinaitwa COX-2, na hizo prostaglandini zinalegeza breki. Kila kitu kinapita, hata mguso wa shuka unafika juu kama uchungu.

Nilienda nyumbani nikasoma na simu mpaka usiku sana. Mtafiti wa dawa John Vane ndiye alionyesha huko London 1971 kwamba aspirini, ndugu mwingine wa Brufen, inazuia prostaglandini, akapewa Nobel 1982, na kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba dawa inamaliza kazi yake pale penye uvimbe. Halafu 1992 watafiti wakaweka kiasi kidogo sana cha dawa hizi moja kwa moja kwa uti wa mgongo wa panya, mguu hawakuupatia kitu, na ule uchungu wa kuzidi ukashuka. 2004 ikajulikana hata ni kipokezi gani cha glisini, yaani pale glisini inashika kwa neva, kinafungwa na prostaglandini. Nilikaa na hiyo simu mkononi nikaskia kama mtu ameniamini, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiuliza kama ni mimi nadekeza mguu.

Daktari alinipumzisha tembe siku moja, akanipa dawa ya tumbo, halafu Brufen peke yake, miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, siku tano, kwa saa si kwa uchungu. Hiyo ya saa ndiyo ilinibadilishia kila kitu. Barafu nilikuwa napata kwa wauza samaki, naifunga na leso. Na si ganzi hiyo dawa, siku ya tatu niligonga kidole cha mguu ule mzima kwa mlango na uchungu ulikuja vilevile wa kawaida. Lakini usiku wa nne nilivuta shuka mpaka kiunoni, nikalala, asubuhi ndio nikakumbuka kwamba imekuwa juu ya mguu usiku wote.

Tembe kadhaa zilibaki. Mama yangu alikuja kutoka Siaya akaziona, magoti yanamsumbua, akaniambia nipatie hizo nijaribu. Na yeye ni mtu wa presha, anameza dawa ya presha na ile ya kukojoza, na tembe zangu zikichanganyika na hizo zinaweza kuumiza figo. Nikamwambia, hapana mama, wacha nikupeleke. Jumatatu tulipanga foleni pamoja, mimi nikichechemea, yeye akinishikia mkoba.