Redio ya Marehemu Baba Mdogo

Jumapili moja wakati wa masika, binamu yangu aliteremka kutoka Kibosho akiwa amebeba redio ya marehemu baba yake, ambayo enzi za uhai wa mzee hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa, akaiweka mezani kwangu hapa Moshi na kusema, "Kaka, kaa nayo tu, mimi sina kazi nayo tena." Nilishukuru, nikaipangusa vumbi na kuanza kutafuta stesheni. Ilinichukua siku tatu nzima kujiuliza kwa nini mtu aliyenyang'anywa pikipiki ya mkataba, na ambaye mikopo ya kausha damu ilimfanya azime simu mchana kutwa, ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu ilhali hana safari.

Siku ya nne nilipanda hiace, nikamkuta kihambani akikata majani ya ng'ombe. Kama wengi wetu, nilikuwa nimeaminishwa kwamba kulitaja neno lenyewe ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli, na Shirika la Afya Duniani limelieleza hilo mara nyingi: anayeulizwa waziwazi hasukumwi, bali mara nyingi hupata nafuu kwa kujua kwamba kuna aliyemwona. Nikamwuliza, "Mdogo wangu, unafikiria kujiua?" Hakukasirika. Aliuweka mundu chini, akakaa juu ya mzigo wa majani, akasema "Ndiyo" kwa sauti ya mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani.

Sikumhubiria. Nilimsikiliza mpaka ng'ombe wakaanza kulia njaa.

Alichokiogopa zaidi ni polisi. Hofu hiyo ina chanzo, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, jambo ambalo kwa maoni yangu huwafanya wagonjwa wajifiche badala ya kutafuta tiba. Hata hivyo, kumweleza daktari kwamba una mawazo hayo si kosa, na hilo ndilo nililomrudia mara tatu au nne. Huwa tunapenda kusema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo humlaumu anayeficha bila kuuliza ni nani aliyemtisha.

Kabla ya kuondoka, kwa ridhaa yake, mimi na shangazi tulizitoa stoo dawa zote za kuulia wadudu wa kahawa na kuzipeleka kwa jirani anayefunga kwa kufuli. Wapo waliotucheka. Lakini Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, yaani dawa kama hizo za mashambani, vifo vya kujiua vilipungua kwa takribani asilimia 70 katika miaka iliyofuata, kwa sababu saa ya hatari mara nyingi ni fupi, na aliyevuka saa hiyo anaweza kusaidiwa.

Kwenye zahanati ya kwanza, mhudumu alimwuliza shida yake kwa sauti iliyosikika foleni nzima, naye akageuka kutaka kuondoka. Nilimshika mkono, tukapanda bajaji hadi hospitali kubwa, ambako aliitwa katika chumba chenye mlango unaofungwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mtu wa namna hii asielekezwe tu, bali asindikizwe, na anayemsindikiza ajue mapema anakokwenda. Hapa Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC. Arusha kuna Mount Meru. Hatari ikiwa ya papo hapo, usimwache peke yake hata kwa dakika chache, na piga 112. Mtoto, au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto, anaweza kupiga 116 bila malipo. Na wewe unayesoma haya ukiwa na mawazo hayo, mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno yaleyale yaliyomo kichwani mwako, bila kuyapamba.

Binamu yangu bado anahudhuria kliniki. Deni halijaisha, ingawa ukoo ulikaa kikao, wakakubaliana na mkopeshaji alipwe kidogo kidogo. Mwezi uliopita alikuja kuidai redio yake, akanilaumu kwamba nimeivuruga mitambo, kwa kuwa stesheni aliyokuwa akiisikiliza baba mdogo haishiki tena.