Magauni ya msaada ya satini: jinsi nilivyoyageuza nguo za kila siku

Tatizo lilikuwa hivi, magauni tuliyopewa ya kugawa ni ya sherehe tupu, satini inayoteleza, vishanga kibao, na mtu anayehitaji nguo ya kuendea kazini au sokoni hawezi kulivaa hilo. Nikaamua kuyafumua. Kwanza nafua, maana jasho na madoa yakipigwa pasi hayatoki tena. Sehemu ya juu naiweka pembeni, kitambaa kizuri kiko kwenye sketi, yaani gauni moja pana linatoa blauzi na sketi fupi ya mtoto, na zipu narudisha ileile.

Kazi ilikuwa kushona satini bila kuvutika. Kilichosaidia ni sindano mpya nyembamba namba 70, karatasi laini chini ya kitambaa halafu unaichana mshono ukiisha, na kukata tabaka moja moja. Nyuzi zikitoka kingoni nashona kwanza kwa nje, napunguza, nageuza, nashona tena kwa ndani, hapo ukingo umefichwa kabisa hata overloki, ile mashine ya kufunga kingo, huhitaji. Bitana usitupe jamani, ya pamba inatoa gauni la ndani safi sana. Pasi iwe ya moto mdogo, maana satini ya poliesta inayeyuka.