Tulikuchangia ukasome, kumbe unatalii

Baba mdogo ameandika hivyo kwenye grupu la ukoo, chini ya picha niliyopiga mbele ya kikanisa cha Bruder Klaus hapa Ujerumani. Imeniuma. Harambee ile naikumbuka, na najua zile yuro 11,904 zilizotakiwa kuwekwa kwenye akaunti ili nipate viza zilivyopatikana kwa jasho la watu. Sijaja kula raha. Kwa anayesomea usanifu majengo, kulifuata jengo lilipo ndiyo shule yenyewe.

Kikanisa hicho ni kazi ya Peter Zumthor, msanifu majengo wa Uswisi, kilikamilika 2007, na kipo katikati ya mashamba ya kijiji cha Wachendorf. Pichani unaona mnara wa zege basi. Ukikikaribia ndipo mistari ya tabaka 24 inajitokeza, kila moja nusu mita: mafundi, wenye shamba na marafiki zao walishindilia kwa mikono, tabaka moja kwa siku. Ndani yake walikuwa wamesimamisha magogo 112, yakaegemeana kama hema. Zege lilipokomaa wakawasha moto humo ndani, ukafuka wiki tatu. Magogo yakakauka, yakaondolewa, ukuta ukabaki na mifereji yao, mweusi tii. Nilipitisha kiganja humo na bado kuna harufu ya moshi. Juu ni wazi, mvua inaingia na kutuama kwenye sakafu ya madini ya risasi. Slaidi gani itakufundisha hayo?

Na hela ya ada haijaguswa. Kuingia ni bure. Treni nilipanda kwa tiketi ya muhula, ile ya usafiri tunayopata wanafunzi kupitia chuo, nikashuka stesheni ya Satzvey, nikatembea karibu saa moja. Mnaotaka kuja, kabla hamjachagua chuo ulizeni tiketi yake inafika wapi. Na fungeni chapati zenu, bei za vyakula vya stesheni zitawamaliza.

Linalonikera kuliko hata maneno ya baba mdogo ni Kariakoo. Soko lile la miaka ya 1970 alilichora Beda Amuli, Mtanzania mwenzetu, na paa lake la miavuli ya zege linakusanya maji ya mvua. Digrii nzima ya kwanza hakuna mhadhiri aliyetupeleka kulipima, mpaka likaungua Julai 2021. Mlioko Dar msisubiri kupelekwa. Bebeni futi na daftari, nendeni siku ya mvua, mfuatilie maji yanapita wapi.